Nyuma ya Karatasi Nyeusi

Bosi wangu alikataa kazi ile hata yule bibi aliyeileta, gogo kwa Kizulu, hajakaa. Studio yetu ilikuwa Braamfontein, juu ya saluni, na kazi yetu ilikuwa kunakili picha za zamani ziingie kwenye kompyuta. Kunakili tu. Kufungua vitu vya watu hakukuwemo.

"Ile kintu ni ya zamani sana, dada," aliniambia, Kiswahili chake cha Lubumbashi kikienda mbio kama kawaida yake akiogopa. "Ikipasuka, ni mimi batanitafuta."

Gogo hakuelewa maneno, ila uso wa bosi aliuelewa vizuri. Akaendelea kufungua kitambaa chake mezani bila haraka. Ndani mlikuwa na slaidi ya kioo, ukubwa wa kiganja, zile zilizokuwa zikimulikwa kwa taa picha ikaonekana kubwa ukutani. Enzi hizo watu wa reli walizipeleka ng'ambo, zikaonyeshwa kwenye kumbi ili matajiri watamani kuja kupanda treni na kutazama nchi. Niliiinua dirishani. Daraja refu, treni juu yake ikitoa moshi mweupe, na milima iliyopakwa zambarau kwa mkono. Ilikuwa nzuri, sikatai. Ila upande wa kushoto, karibu theluthi nzima, ulikuwa mweusi tii.

Weusi ule ulikuwa karatasi. Slaidi hizi ni vioo viwili vilivyobanwa pamoja kwa utepe, kimoja kina picha na kingine kinailinda, na katikati mpiga picha alichomeka karatasi nyeusi kuficha asichotaka kionekane. Mtalii alitakiwa aone mlima na daraja, nchi tupu inayomsubiri yeye. Watu waliosimama pale walifunikwa. Nilishaziona nyingi za namna hiyo, na kila mara zilinipandisha mori.

"Mama yangu yumo humo," alisema gogo. Tuliongea Kiingereza, yeye akichomekea Kizulu, mimi nikidaka ninachoweza. Mama yake alikuwa yaya nyumbani kwa mpiga picha huyo, na alisafiri nao kila walikokwenda kupiga picha za reli. Mama huyo alifariki gogo akiwa mdogo. Picha yake nyingine haikuwepo, na sura yake gogo hakuikumbuka kabisa. Binti wa mpiga picha, naye sasa bibi kizee anayeishi mtaa wa Observatory, ndiye aliyempa slaidi na kumwambia nani amefunikwa.

Nikamweleza ukweli. Kona moja ilikuwa na alama ya maji. Picha yenyewe ni utando mwembamba juu ya kioo, na ukilowa kisha ukakauka hushikana na karatasi. Nikibandua, uso ungeweza kutoka na karatasi, na hapo basi tena.

"Usipobandua, nitamwona?"

"Hapana, gogo."

"Sasa unangoja nini?"

Bosi akachukua sigara zake. "Mimi sikuona kitu," akasema, akatoka.

Niliogopa, nisiseme uongo. Nilikata utepe kwa wembe, upande mmoja baada ya mwingine, na vioo vilipoachana vilitoa mlio mdogo ulionikata maini. Karatasi ilianza kutoka vizuri. Kisha ikagoma. Ilikuwa Julai, baridi ya kuuma, nami jasho linanitiririka mgongoni. Niliingiza ncha ya wembe chini yake, nikainua kidogo, nikaona vipande vyeusi vya picha vimeng'ang'ania karatasi. Nimemuua mama wa watu mara ya pili, nikawaza. Gogo alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nikavuta iliyobaki.

Kilichobanduka kilikuwa majani na upindo wa sketi. Uso ulibaki.

Niliweka kioo juu ya meza ya taa. Alikuwa msichana tu, amesimama upande upande kando ya reli, kilemba kichwani, ametugeuzia uso bila kutabasamu. Gogo aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Akagusa kidevu chake mwenyewe, kisha akacheka kidogo, na mimi machozi yakanilengalenga.

Kicheko kikakatika. Mgongoni mwa mama yake, ndani ya blanketi, kulikuwa na kichwa cha mtoto wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, amelala.

"Huyo ndiye aliyenipa hii," alisema. "Tumelingana umri. Mimi nilikuwa kijijini kwa bibi. Mama alikuwa akija Krismasi tu."

Mwanangu alikuwa Tanga kwa mama yangu, na kabla ya studio nilikuwa yaya Randburg, nikabeba mtoto wa watu hadi akajifunza kutembea. Hilo sikumwambia. Nilijihisi mwizi, na sikujua nimemwibia nani.

"Mfunike huyo mtoto," akasema gogo. "Wao walimfunika mama."

Nilikata kipande kipya cha karatasi nyeusi, nikakilaza juu ya blanketi. Mtoto akapotea, na mikono ya yule msichana ikapotea naye, kwa kuwa yote miwili ilikuwa nyuma, imemshikilia asidondoke. Nikapunguza karatasi. Mikono ikatokea, mtoto naye akatokea.

Gogo aliifuata mikono ile kwa kidole, bila kugusa kioo.

"Toa hiyo karatasi," akasema. "Mikono ni ya mama yangu."