Hamira ya Daktari Eulalia

Daktari Eulalia Terceros alizaliwa mji mdogo wa Arani, katika ukoo wa waoka mikate, na tangu aanze shule alijitahidi asinuke mkate. Alisomea chembe ndogo mno zisizoonekana kwa jicho, akaenda Brazili, akarudi kwetu, mji wa Cochabamba, na ufundi ambao sisi wa maabara tuliubishia mpaka tulipouona: pafu la mtu ndani ya kipande cha plastiki kisichozidi kiberiti. Upande mmoja seli hai zinapata hewa, upande wa pili zinanyweshwa. Alizipulizia chembe za vumbi la migodini, aone jinsi vumbi hilo linavyoua. Wilder, fundi wetu wa maabara, alikuwa ametoka kufiwa na baba yake, mchimba madini, kwa vumbi hilohilo.

Adui wa seli hizo ni hamira. Ikipenya kidogo tu, kazi ya miezi inachacha. Kwa hiyo kila Oktoba inapoisha, mji mzima unapokanda mikate ya sikukuu ya kuwapokea marehemu, Daktari alikuwa mkali kama pilipili.

"Atakayekanda asikanyage hapa. Wafu hawali, jamani. Seli zangu ndizo zinazokula."

Tulicheka. Wilder hakucheka. Ulikuwa mwaka wa kwanza tangu baba yake afe, na mwaka wa kwanza roho hupokelewa kwa mikate iliyokandwa na wanawe. Lakini zamu ya kulisha seli sikukuu hiyo ilikuwa yake na Daktari.

"Sawa, Daktari," akasema.

Tuliporudi kutoka sikukuu, maji ya mapafu yote yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Kwenye darubini, hamira tele.

"Wilder! Nilisema nini mimi? Umeshindwa kujizuia, kisa mikate?"

"Sikukanda, Daktari."

"Basi hamira imekuja kwa miguu yake?"

Nyani haoni kundule. Alipomnyooshea kidole, mkono wa koti ulipanda, na kwenye kifungo cha mkanda wa saa yake tukaona donge la unga uliokaukia. Wilder aliliona kwanza. Akainamisha macho, kana kwamba yeye ndiye aliyekutwa uchi. Sote tuliona aibu, hatukujua tutazame wapi.

Daktari akajitazama mkononi.

"Nilimkandia marehemu mama," akasema. "Kidogo tu, nikisaidiana na shangazi, kabla sijaja zamu. Nikanawa. Nilinawa sana, jamani."

Akavua saa, akakosa pa kuiweka, akabaki ameishika.

"Wilder, nimekusingizia mbele ya watu, na mbele ya watu nakuomba radhi. Mwakani utamkandia mzee. Nitakupa hata wiki nzima."

"Mwakani ni mwaka wa pili, Daktari," Wilder akasema, bila hasira. "Wa kwanza nimemwekea mkate wa dukani. Majirani waliuonja, wakaniuliza kama sina mikono."