Dhahabu ya Pindoni

Kwenye ile chaneli ya televisheni inayouza vito mara nyingi huoni sura ya mtu. Unaona mikono. Mikono ya mwanamke, kucha zimepakwa rangi, inageuza pete chini ya taa, na sauti inasikika kama ya mtu aliye chumba cha pili. Siku ya kwanza kuiona nilisimama katikati ya sebule na sahani ya maharagwe mkononi, kwa sababu ile mikono ilikuwa ya mama yangu. Rangi siyo, mama alikuwa mweusi kama mimi. Nasema ule ugeuzaji. Mama akikuonyesha kitu cha dhahabu alikishika kwa vidole viwili, akakizungusha taratibu, kama kitu kilicholala ambacho hataki kukiamsha.

Mama nilimwacha barabarani nje ya Uvira, siku tuliyokimbia. Lori lilikuwa moja, watu walijaa mpaka mtaroni. Alikuwa na bangili na jozi ya hereni, amevishonea kwenye pindo la kitenge chake, kama walivyofanya wanawake wengi wa kwetu siku zile, maana mfuko unapekuliwa, pindo linasahaulika. Alilichana kwa meno. Bangili akampa dereva, mimi nikavutwa juu na binti yangu mgongoni. Hereni moja akanitia kiganjani. Ya pili akabaki nayo, ndiyo ya kulipia lori linalofuata.

"Tutaziunganisha tukifika," akasema.

Sijamwona tena. Lakini sikuwahi kumlilia kama maiti. Nilijiambia mtu mwenye dhahabu hakosi nafasi. Alipanda lori jingine, likashika njia nyingine, yuko mahali anazeeka. Neno hilo ndilo lililonilaza usingizi kambini, na ndilo linalonilaza hapa ng'ambo, Ladywood, juu kabisa ya jengo ambalo upepo unaliimbisha. Wengine wana kaburi la mama. Mimi nilikuwa na hereni.

Basi nikaanza kununua. Sikusoma sana, lakini sokoni nimekulia, na ujanja wa kuuza naujua nikiuona. Kwanza wanakutajia bei ya juu, bei ambayo hakuna mwehu angelipa. Halafu inashuka, inashuka tena, na yule mwanamke muuzaji anashika kifua kana kwamba ni yeye anayeibiwa, anasema wakubwa wake watamfokea. Pembeni kuna saa inayokimbia kurudi nyuma, na idadi ya pete zilizobaki inapungua ukiitazama. Jiwe wanalikuza kwenye kioo mpaka linakuwa kama yai la bata. Likifika kwa posta ni punje ya mtama. Wanataja karati za mawe kwa sauti kubwa, ila uzito wa dhahabu yenyewe unapita chini kwa maandishi ya kisisimizi. Yote hayo niliyaona. Nikanunua hata hivyo. Nilipokuwa nikitazama mikono ile sikuwa sokoni, nilikuwa barabarani, na lori lilikuwa limewashwa.

Kila kilichofika nilikitoa kwenye kisanduku, nikakishonea pindoni. Sketi za kanisani, koti la baridi, hata pazia la chumbani. Nchi hii imetulia, najua. Na Uvira ilikuwa imetulia. Nikitembea nililia kama mbuzi mwenye njuga, na wanawake wenzangu kanisani wakaniuliza kama nafungua duka au nimefungwa nisitoroke. Mjukuu wangu alikuwa akinipitisha njia ya kando ya mfereji, akanishika mkono. Bibi, alisema kwa Kiingereza chake, ukiteleza hapa hatutakuopoa bila kreni.

Huyu mjukuu ni nesi. Naliandika peke yake hilo, lisimame. Mtoto wa mtoto niliyembeba mgongoni kwenye lori, leo anavaa sare na watu wazima wanamsikiliza. Alipopata kazi mji mwingine nikamkabidhi koti langu la baridi, nikamwambia asilitoe kwa mtu, pindoni kuna nauli yake siku dunia ikigeuka. Akalipima kwa mkono. Akaanza kwa upole, ule upole wao wa hospitali: vitu vya televisheni si dhahabu, Bibi, ni fedha iliyochovywa dhahabu.

Nilikasirika. Nikamwambia twende kwa sonara, na nitabeba hereni ya mama yangu, ili huyo sonara aone dhahabu ya kweli ikoje na aipime nyingine kwa hiyo. Ni mimi niliyesema hivyo, kwa mdomo wangu.

Mtaa wa masonara hauko mbali, tulikwenda kwa miguu. Duka lilikuwa dogo, la mzee mpole mwenye lenzi jichoni. Nilichana pindo la koti kwa meno mbele yake. Mkasi aliokuwa akininyooshea ukabaki hewani. Vito vikamwagika kwenye kitambaa chake. Akavikwangua kidogo kimoja kimoja, akadondoshea maji yake makali ya kupimia dhahabu. Mjukuu akawa ananitafsiria. Fedha, juu dhahabu nyembamba kama pumzi. Mawe yametengenezwa kiwandani. Hakuna aliyekudanganya mama, alisema yule mzee, yote wameyaandika kwenye vyeti vyao, ni vile tu hawakukupa muda wa kusoma.

Sawa, nikasema. Sasa onja hii.

Akaichukua hereni kwa vidole viwili. Akaisugua kwenye jiwe lake jeusi, ikaacha mstari wa manjano mzuri sana. Akadondosha tone. Mstari ukatoka povu la kijani, halafu haukuwepo.

Mzee alimuuliza mjukuu wangu swali moja tu, kama huwa naisafisha. Nikajibu mwenyewe, ndiyo, kwa limao na chumvi, kila mwezi, ama sivyo inafifia. Ndivyo mama alivyonifundisha.

"Bibi," mjukuu wangu akasema, na safari hii alisema kwa Kiswahili, "dhahabu haififii."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Nje basi lilipita, kikombe cha yule mzee kikatetemeka kwenye sahani yake. Nilikuwa namwona mama uani na nusu ya limao, anasugua. Kwa hiyo alijua. Bangili nayo ilisuguliwa kwa limao lile lile. Nikaanza kumkumbuka vizuri pale barabarani, jambo ambalo nilikuwa sijalifanya, kwa sababu nilikuwa natazama hereni tu. Alikuwa akiigeuza bangili taratibu mbele ya macho ya dereva, na mdomo haukutulia. Jua linazama, kaka. Wale madereva wanaokuja nyuma wananipa nafasi, nimekuja kwako kwanza. Chukua sasa, nikihesabu tatu naondoka. Dereva alitaka kuiuma aone kama ni dhahabu, mama akaivuta, akaanza kuhesabu. Dereva akainyakua, akaniinua kwa bega.

Mama yangu alimuuzia shaba. Mimi, binti yangu, na huyu nesi aliyekuwa ananipangusa uso kwa mkono wa sweta lake, sote tulipita kwa shaba.

Halafu lori likaondoka, akabaki na hereni moja, akingoja la pili.

Vito vya koti nilivishona tena, kwa mkono wangu, na mjukuu aliondoka nalo. Hakubishana. Hereni alikataa kuichukua, akanikunjia vidole juu yake. Naisafisha bado.

Sinunui tena. Ila mchana, chai ikichemka, nawasha ile chaneli bila sauti. Mikono inageuza pete, saa inakimbia, idadi inapungua. Zamani nilikuwa nikimwombea mama awe amefika. Siku hizi namwombea yule dereva wa lori la pili, mtu ambaye hata sura yake siijui. Naomba awe alikuwa na haraka. Naomba jua liwe limeshazama, asiwe ameuma.