Baiskeli Isiyonywewa

Miaka ile ya sabini, katika makazi yetu ya wakimbizi nje ya mji wa Mpanda, mtu aliweza kukaa mwaka mzima bila kushikwa bega na mtu wa damu yake. Mimi nilikaa zaidi. Tulikuwa tumetoka Burundi kwa miguu, tukagawiwa vipande vya pori tufyeke, kila familia na chake kandokando ya barabara ya vumbi. Nami nikagawiwa changu kama familia, ingawa familia yenyewe ilikuwa mimi na jembe. Wenyeji walituita "ndugu", kama walivyoitana wao kwa wao wakati ule. Karani ndugu, mlinzi wa geti ndugu, mwenye duka ndugu. Sijawahi kuwa na ndugu wengi vile, na kula peke yangu vile.

Siku moja alipita mchuuzi wa samaki, Mfipa mmoja mwenye maneno mengi, aliyekuwa akileta migebuka mikavu kutoka Karema. Alipoona natafuta samaki mmoja tu wa kula mtu mmoja, akanionea huruma kwa namna yake.

"Kule kwetu ziwani yuko Mrundi mwenzako," alisema. "Mama mmoja, anasuka mikeka karibu na misheni. Naye ananunua mmoja mmoja. Akicheka anaziba mdomo."

Nikaacha kuchagua samaki. Dada yangu alikuwa na mwanya alioonea haya, na tangu utotoni alicheka kiganja kikiwa mdomoni. Tulipoteana njiani, kila mmoja akifuata kundi lake na kudhani mwenzake yuko mbele.

"Anatoka mlima gani?" nikamuuliza, maana kwetu Burundi mtu hujulikana kwa mlima aliozaliwa.

"Mimi nauza samaki, bwana, siuzi milima."

"Basi ukirudi mwambie kaka yake anakuja. Anakuja kwa baiskeli."

Kwa nini nilisema baiskeli, wakati hata kengele ya baiskeli sikuwa nayo? Nadhani nilitaka dada asikie kwamba sijawa maskini. Lakini pia sikuwa na njia nyingine. Malori ya kwenda ziwani yalikuwa ya kubahatisha, masika hayapiti kabisa, na kibali cha kutoka makazini kilikuwa cha siku chache. Kingekwisha nikiwa bado nimekaa juu ya mzigo nasubiri dereva apone malaria. Nilikuwa na fedha za maharage ya misimu miwili. Kwa mtu wa kwao, fedha ingetosha. Ugenini nikajifunza kwamba fedha ni mwanzo tu wa maombi.

Baiskeli zilikuja Mpanda kwa treni kutoka Tabora, tena kwa nadra, na duka lililopewa kuziuza lilikuwa moja. Wenyeji walitangulia, hilo sikulilalamikia. Baada yao wakaja watumishi, na walimu, na shemeji zao, kisha sisi, tukiwa na barua ya kututambulisha. Kufika dukani kwenyewe kulitaka kibali. Nikipata kibali, duka limefungwa kwa hesabu. Duka likifunguliwa, karani wa kibali amekwenda mazishini. Siku niliyowapata wote wawili, treni haijafika.

"Njoo Jumatatu, ndugu," mwenye duka alisema.

Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionichosha. Huwezi kugombana na mtu anayekupa kiti. Jumatatu alinipa kiti tena, akanieleza kwamba treni imefika ila imeleta chumvi. Wanasema subira huvuta heri. Yangu ilivuta chumvi.

Mwishowe zikaja, zikiwa vipandevipande ndani ya masanduku, nami nikaambiwa nilipe kabisa isije ikachukuliwa na mwingine. Nikalipa. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba matairi hayakuja. Baiskeli yangu ikatundikwa kwenye boriti la duka, imeviringishwa karatasi za kaki, haina miguu. Nikawa naomba kibali cha kwenda kuitazama tu, kama mtu aendaye kumjulia hali mgonjwa. Mwenye duka ananipa kiti, natazama juu, narudi nyumbani.

Kosa langu kubwa lilikuwa la pombe. Kwetu, kitu kikubwa kikinunuliwa hakitumiki hivihivi. Kinanywewa kwanza: chungu cha pombe ya mtama kinawekwa katikati, watu wanakizunguka na mirija yao ya matete, wanakisifu kile kitu kama wanavyosifu ng'ombe. Na mrija wa kwanza, katika ukoo wetu, ni wa mtu aliyetoka tumbo moja nawe. Bila hivyo kitu ni cha wizi au cha mkosi, chagua mwenyewe. Sasa pombe ya mtama haitengenezwi siku moja. Kuloweka, kuotesha, kuanika, kusaga, kupika. Kwa hiyo mwenye duka aliponiapia kwamba matairi yanakuja Jumamosi, nilimwomba mke wa jirani aanze kuloweka mtama mapema, nikaalika barabara nzima.

Jumamosi nilirudi kutoka mjini kwa miguu. Watu walikuwa wameshakaa.

"Iko wapi?" jirani akauliza.

"Inakuja."

"Pombe haijui kusubiri," akasema, akachomeka mrija wake. Wakainywa, wakaisifu baiskeli ambayo hawakuiona, wakacheka mpaka wakalia. Na kwa kuwa sikomi, mwezi uliofuata nilifanya vilevile, na wakainywa tena. Safari hiyo hawakucheka sana, na hilo liliniuma zaidi. Nilianza kusikia watoto wa barabara ile wakiniita bwana Inakuja.

Kila mchuuzi wa samaki alipopita, nilimpa ujumbe uleule: mwambie asichoke, nakuja. Naye aliniletea jibu lilelile: anasema anakungoja.

Matairi yalifika msimu wa kiangazi. Baiskeli ikateremshwa kutoka kwenye boriti, ikafungwa tandiko ambalo halikuwa lake, kengele haikuwepo, na mwenye duka akanishika mkono kwa furaha ya kweli. Nikaisukuma mpaka nyumbani. Sikuipanda, maana haijanywewa. Hakuna aliyetoka nje kuitazama isipokuwa mke wa jirani.

"Shemeji, niloweke mtama?"

"Acha," nikasema. "Mlishakunywa."

Nilisema kwa hasira, naye hakustahili hasira ile. Jirani akaja jioni kunionya kwamba baiskeli isiyonywewa humtupa mwenyewe. Nikamjibu kwamba mtu wa kunywa mrija wa kwanza yuko Karema, na bila baiskeli simfikii. Sasa yeye mwenye akili aniambie kipi kitangulie. Nikakata mirija miwili ya matete, mmoja wangu na mmoja wa dada, nikaifunga kwenye mtaimbo wa baiskeli kwa kamba ya gome. Nikaomba kibali, nikaondoka.

Ilinitupa, kweli, zaidi ya mara moja. Mchanga ulikuwa mwingi, mbung'o wakanila mgongo, na pale mlima unapoanza kushuka ziwani breki zilinikumbusha kwamba nazo zilikuja kwa treni. Nililala kwa Wabende walionipa ugali bila kuniuliza kibali. Njia nzima nilikuwa nikizungumza na dada. Nilimweleza habari za mwenye duka, na chumvi, na jina nililopewa na watoto, nikamsikia akicheka ameziba mdomo. Sikuwa nimezungumza kiasi kile tangu tuvuke mpaka.

Karema walinionyesha nyumba kabla sijamaliza kuuliza. "Wewe ndiye kaka wa baiskeli!" Watoto wakanitangulia wakipiga kelele. Akatoka mwanamke, kiganja kiko mdomoni.

Kiganja kikashuka. Meno yalikuwa yameshikana, hayana mwanya.

Tulitazamana. Sijawahi kuona mtu akipungua haraka vile mbele ya macho yangu, na nadhani naye aliona hivyohivyo kwangu. Naye alikuwa na kaka aliyepotea. Mchuuzi alimwambia kaka yako anakuja, naye hakuuliza mlima gani.

"Pole," nikamwambia kwa Kirundi.

"Pole na wewe," akajibu kwa Kirundi. Hakuwa wa mlima wetu. Alitamka kama watu wa kusini.

Alinikaribisha ndani. Katikati ya chumba kilikuwepo chungu cha pombe ya mtama, kinatoa povu.

"Si cha kwanza," alisema. "Kila yule mtu wa samaki aliposema unakuja, nilipika. Vingine majirani walivinywa. Kimoja nilikimwaga." Akakaa chini. "Hiki nacho siwezi kukimwaga."

Nikatoka nje, nikafungua mirija yangu miwili. Nilikusudia kumpa ule wa dada, nikamnyooshea. Akaukataa kwa kichwa.

"Huo una mwenyewe," alisema.

Akatoa yake kwenye paa la nyasi, nayo ilikuwa miwili. Wake akauchomeka, na wa kaka yake akauchomeka. Nikafanya vilevile. Akaniambia niingize baiskeli ndani, nikaiingiza, nikaiegemeza ukutani karibu na mikeka. Akaisifu kwa maneno ya kwao, polepole, kama mtu anayesoma kwenye giza, mpaka na tandiko lile la kuazima akalisifu.

Tukakaa. Wanywaji wawili, mirija minne chunguni. Hakuna aliyejaribu kuanza. Mwishowe tuliinama pamoja, tukanywa bila kusema wa kwanza ni nani, na ile miwili ikasimama kwenye povu bila mtu.

Kesho yake, nilipokuwa nikiaga, aliichomoa ile miwili ya wasiokuwepo, akaifuta kwa kanga yake, akaukausha wa dada yangu juani, akaufunga yeye mwenyewe kwenye mtaimbo.

"Shika barabara nyingine pia," alisema. "Kigoma nako, sijui kama umeshamuulizia dada yako."