Mfufuaji anataka kiti chake

Saa mbili na robo asubuhi, mzee wa miaka sitini anatambaa kwa magoti kwenye sakafu ya duka la magodoro, anapapasa saruji kwa vidole. Anatafuta matundu ya boliti.

"Saba," anasema. Anarudi nyuma, anahesabu tena. "Kumi na moja. Hapa."

Anachora duara kwa chaki, anasimama, anapangusa suruali. Hapo palikuwa na kiti cha kumi na moja, mstari wa saba, wakati duka hili likiwa sinema ya viti mia tatu na kumi na mbili. Ndipo alipokuwa akikaa mke wake kila Jumamosi, kabla hajawa mke wake.

Mji mzima unamwita Mfufuaji. Anatengeneza cherehani kwenye kibanda mkabala na duka hili. Zamani alikuwa anapata cherehani saba kwa siku. Sasa hivi akipata tatu siku imeenda vizuri, maana watu wananunua nguo zilizoshonwa tayari. Lakini kabla ya cherehani alikuwa mwendesha projekta hapa kwa miaka kumi na moja, mpaka video zilipoingia majumbani na sinema ikafungwa. Hiyo ni miaka ishirini na nane iliyopita.

Jengo linabomolewa mwisho wa mwezi. Mwenye duka amekubali picha ionyeshwe mara ya mwisho, Jumapili saa kumi alasiri. Viti viliuzwa zamani, kwa hiyo watu watakaa juu ya magodoro, na nailoni zilizoyafunika hazitolewi. Kabla ya picha, mtu mmoja atasimama kueleza historia ya ukumbi.

Amechaguliwa Tochi.

Tochi ndiye aliyekuwa akiwaonyesha watu viti vyao gizani. Leo ni mlinzi wa duka hilo hilo la magodoro. Mrefu, mcheshi, meno yote yapo.

"Muulize yeyote hapa sinema ilikuwaje, atakwambia Tochi, Tochi, Tochi," anasema Mfufuaji. "Kazi yake ilikuwa kumulika viti, basi! Mimi ndiye niliyekuwa nawapa picha. Bila mimi wangekaa gizani wanatazama ukuta."

Picha ya wafanyakazi imebaki moja tu, imebandikwa kaunta. Watu saba wamesimama mlangoni, Tochi katikati, mkono kiunoni. Mfufuaji hayumo. Siku ile mpiga picha alipokuja, yeye alikuwa juu anarudisha mkanda mwanzo.

"Hakuna aliyeniita," anasema. "Hata mmoja."

Chumba chake kiko juu, ngazi kumi na tisa, nyembamba mpaka unapanda kiubavuubavu. Ndiyo maana projekta moja bado ipo: mwenye duka alishindwa kuishusha. Ukutani kuna vidirisha viwili vidogo. Kimoja picha inapitia. Kingine ni cha mwendeshaji kuchungulia ukumbini.

Hicho cha kuchungulia ndicho kilichomponza.

Picha moja ilikuwa inakuja na makopo sita ya mikanda. Mashine zilikuwa mbili, hii ikimaliza mkanda ile inapokea. Kazi ya mwendeshaji ni kuweka makopo kwa mpangilio. Jumamosi moja, miaka thelathini na mbili iliyopita, Mfufuaji alichungulia akaona mwanga wa tochi umesimama mstari wa saba. Hauondoki.

"Kumwonyesha mtu kiti ni sekunde tatu. Nilikuwa nahesabu kila siku. Siku ile nikahesabu hamsini na nne, na jamaa ameinama kabisa, anamnong'oneza sikioni binti wa kiti cha kumi na moja!"

Huku anahesabu, mikono ikachukua kopo namba tano ikaacha namba nne.

Basi, watu wakaona watoto wanalia juu ya kaburi la mama yao, ambaye dakika mbili nyuma alikuwa mzima anaanika nguo. Wakashangaa, lakini wakalia pia. Ulipoisha huo ukaingia wa nne: mama yupo jikoni, anapika, anamgombeza mwanawe kwa kuchelewa kurudi.

Ukumbi ulilipuka. "Mama kafufuka!" Watu walipiga miluzi mpaka picha ikaisha. Kuanzia kesho yake jina lake la kuzaliwa likafa.

Mke wake ni fundi nguo, cherehani yake iko palepale kibandani. Akisikia habari ya tochi anacheka mpaka anaachia pedali.

"Mwandishi, nisikilize mimi," ananiambia. "Nilikuwa nageuka nyuma kutazama kile kidirisha, nimwone yule kijana wa projekta. Nikawa nawasumbua watu. Shemeji Tochi alikuja kunikaripia: dada, geuka mbele, picha iko kule. Ndiyo hiyo minong'ono."

"Hayo aliniambia baada ya ndoa," anasema mumewe bila kuinua kichwa.

"Miaka thelathini na moja napika, nafua, nimekuzalia wanne. Bado unahesabu sekunde?"

"Hamsini na nne ni nyingi, mama."

Kesi hiyo haijaisha. Ila safari hii Mfufuaji amepata njia. Alimfuata mwenye duka akamwambia Tochi aeleze historia, sawa, aeleze mpaka achoke. Lakini akimaliza apande juu aendeshe projekta. Mwenyewe Mfufuaji atakaa chini, mstari wa saba, pembeni ya mkewe. Miaka yote ile hakuwahi kukaa naye sinema hata mara moja. Mmoja alikuwa chini, mwingine juu.

"Naye akae kule juu kwenye joto," anasema. "Achungulie. Aone inavyouma."

Wiki nzima anamfundisha. Jana walikuwa wamebanana chumbani, jasho linawatoka.

"Mkanda unapita hapa, unazunguka hapa. Taratibu! Si godoro hilo."

"Kaka, mimi nimeshika tochi maisha yangu yote," anasema Tochi. "Mashine ya nini kwangu?"

"Mwanga wako ulikuwa unasimama. Huu hausimami. Ukisimama, mkanda unaungua."

Tochi akacheka. "Bado tu, kaka? Alikuwa anakutazama wewe yule!"

Mfufuaji alifungua kopo lenye kutu. Ndani kuna mkanda namba nne, ule ule, wa dakika kumi na nane. Kopi ilikuwa chakavu, hakuna aliyekuja kuidai, akabaki nao chini ya kitanda miaka yote. Unaanza mama yupo jikoni, unaisha anashushwa kaburini. Jumapili utaonyeshwa huo tu; namba tano haipo tena, kwa hiyo hata Tochi hawezi kukosea.

Kila kitu kilikuwa tayari mpaka jioni ile, mkewe alipokuwa anakunja kazi zake. Akasema tu, kama utani:

"Sasa Jumapili nikigeuka nyuma kwa mazoea, si nitakuwa namtazama Tochi?"

Mfufuaji aliweka bisibisi chini. Akaanza kutafuta misumari.

Leo asubuhi, kabla ya kuchora duara lake la chaki, alipanda ngazi zote kumi na tisa na nyundo, misumari minne na kipande cha ubao. Kidirisha cha picha hawezi kukiziba. Cha kuchungulia amekipigilia ubao.

"Mke wangu akigeuka ataona ubao. Inavyouma, Tochi atasimuliwa tu," anasema.

Anarudi kwenye duara, anaburuta godoro moja mpaka katikati yake, analibonyeza kwa goti. La watu wawili. Analisogeza kidogo kushoto, litazame ukuta sawasawa.

"Safari hii mama anazikwa na anabaki amezikwa," anasema. "Na mimi nipo hapa, mimi mwenyewe, nimemshika mkono mke wangu. Dakika kumi na nane. Baada ya hapo wabomoe."