Siku Mtani Alipolilia Duka Langu

Mimi kukaa siwezi. Haya yenyewe naandika nimesimama, daftari liko juu ya gunia la chumvi, mguu huu ukichoka naegemea ule. Mke wangu husema mama alinizaa akiwa njiani. Huenda. Lakini miguu hiyo hiyo isiyotulia ndiyo iliyonifanya mtu, mimi niliyesoma juzuu chache za Kurani na madarasa mawili tu ya shule ya serikali. Wakati ule wa Mwingereza, kutoka Mzenga mpaka Dutumi, mtu mweusi mwenye maduka mawili ya bati nilikuwa mimi. Aulizwe yeyote.

Nilianza na chumvi. Niliinunua Kisarawe, nikaibeba kichwani mpaka Mzenga, nikaiuza kwenye baraza ya bibi mmoja mjane ambaye hata undugu hatukuwa nao. Alinikuta nimesimama juani na mzigo wangu, akasema, "Mjukuu wangu, kaa hapa. Baraza haiishi kwa kukaliwa." Nikakaa misimu miwili. Biashara nilifundishwa na yeye, ingawa mwenyewe hakuwahi kuuza hata kitumbua. Nikishapima kibaba ananitazama tu, mpaka niongeze kidogo. Kisha ananong'ona, "Na mguu wa mwanawe umemuuliza?" Nauliza. Mteja anakaa, anaeleza habari za mguu tangu ulipoanza kuvimba, anaondoka na chumvi yake, na kesho anarudi na jirani.

Basi nikapanda. Nikajenga duka Mzenga, kisha la pili Dutumi, nikanunua baiskeli. Asubuhi huku, jioni kule, mchanga mpaka kwenye masikio. Miguu ya watoto wa watu sikuwa tena na nafasi ya kuiuliza. Salamu nilizitoa nikiwa juu ya baiskeli, na mara nyingi kengele ndiyo iliyojibu kwa niaba yangu.

Bibi yule alifariki asubuhi ambayo lori la mzigo lilikuwa linaingia Dutumi: kaniki, sabuni, mafuta ya taa. Nikawaza upesi, kama kawaida yangu. Nikamtuma muuzaji wangu wa Mzenga apeleke msibani bafta nzima ya sanda, sukari na ubani, vitu ambavyo msiba wa pale ulikuwa haujapata kuviona. Mimi nikapanda baiskeli. Muuzaji akapeleka, akarudi, akafungua duka, maana sikumwambia afunge. Jeneza likapita mbele ya mlango wangu uko wazi na mizani inaning'inia. Kwetu, maiti akipita, hata mwenye kupika maandazi huzima moto. Niliporudi siku ya nne, tanga lilikwisha anuliwa.

Hakuna aliyenitukana, na hapo ndipo usingizi uliponitoka. "Shikamoo." "Marahaba." "Za safari?" "Njema." Kisha mtu anapita na chupa yake tupu ya mafuta, anakwenda duka la upande wa Kibuta, saa nzima kwa miguu. Nikaikagua mizani. Nikaionja sukari. Nikalihamisha debe la mafuta kutoka pembe hii kwenda ile, nikalirudisha. "Labda ni msimu," akasema muuzaji wangu. Msimu gani, na korosho ndiyo kwanza zimeuzwa? Misiba miwili mingine ikapita, nami habari zake nikazipata kwa kusikia vilio. Hakuna aliyekuja kuniambia. Nikaanza kuona kwamba ninachopoteza si duka tu. Nikifa mimi, nani atanichimbia?

Nikawaza tena kitajiri. Nitawakirimu wateja wangu, niwashukuru, wakumbuke mimi ni nani. Ijumaa moja nikachinja mbuzi wawili, pilau ikapikwa, mikeka ikatandikwa kuanzia kizingitini mpaka barabarani. Muuzaji nikamtuma azunguke nyumba kwa nyumba kualika. Watu wakatoka msikitini, wakapita, wakanisalimu vizuri sana. Mikeka ikabaki na kuku.

Aliyekuja ni mtu mmoja, mama wa makamo kutoka Dutumi, mtani wetu. Ukoo wake na wangu ni watani tangu mababu, na mtani hakasirikiwi. Hata aliye mbele yake angekuwa jumbe wa serikali, angemsema. Kwenye msiba wa bibi alikuwepo siku zote tatu, maana matanga bila watani hayaendi. Akaitazama mikeka, akalitazama sufuria, akajifunga kanga kiunoni. Kisha akakaa chini mlangoni kwangu, akanyoosha miguu, akaweka mikono kichwani.

"Duka wee, umetutoka," akalia. "Umetuachia mjane wako na baiskeli yake."

Nikasikia vicheko nyuma ya ua wa makuti. Kumbe wanawake wote walikuwa pale.

"Mtani, nyamaza ule pilau."

"Pilau ya msiba nile kabla ya maziko? Wachimbaji wako wapi? Au na kuchimba umemtuma mtu?"

"Nilileta sanda," nikasema. "Bafta nzima. Nani mwingine alileta bafta nzima?"

"Ni kweli, ilifika. Ikatuuliza, mwenyewe yuko wapi? Tukaiambia, tangulia tu mama, yeye yuko Dutumi anasalimiana na sabuni."

Ua ukatikisika kwa kicheko. Mimi nilisimama, nikakaa, nikasimama.

"Bibi alikupa baraza yake," akaendelea, sasa bila kulia. "Amepita hapa mabegani mwa watu, na mlango huu uko wazi unauza viberiti. Niliona kwa macho haya haya, yaliyokutamani ulipokuwa kijana. Siku hizi tumbo kama mtungi."

"Sasa nifanye nini?"

"Unamuuliza mtani? Kazi yangu mimi ni kulia. Arobaini yake ni keshokutwa, na kuni hazijapasuliwa." Akainuka, akachukua mche wa sabuni kwenye rafu, haki yake ya utani, akaenda zake. Pilau nayo hakuigusa.

Keshokutwa yake nilifunga maduka yote mawili, mimi, ambaye hata homa haikuwahi kunifungia. Nikaenda mikono mitupu. Njiani nilirudi nyuma mara mbili kutaka kuchukua walau sukari, na mara mbili nikajizuia. Mtoto mkubwa wa marehemu alinipokea uani. Akaitazama mikono yangu.

"Shoka liko nyuma ya jiko," akasema.

Nikapasua kuni tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mama mmoja kati ya wapishi akaokota kipande changu, akakiinua juu. "Tajiri, hizi ni kuni, au unatuchongea vijiti vya kuchokolea meno?" Nikacheka kabla ya wenzangu. Baada ya kisomo nikala sinia moja na wanaume wanne; wakasogea kidogo, nikapata pa kuingiza mkono. Habari ya kusameheana haikutajwa na mtu.

Wateja hawakurudi kesho yake. Nikatengeneza benchi refu, nikaliweka barazani, nikawa nakaa hapo mwenyewe na kuwauliza wapitao habari za nyumbani. Wakajibu kwa maneno mawili, kisha kwa matatu. Baiskeli nikamkabidhi muuzaji, awe yeye wa kwenda Dutumi. Kukaa kwenye benchi kulinitesa kuliko kubeba chumvi.

Asubuhi moja mtoto mkubwa wa yule bibi akaja mpaka kwenye benchi. Hakushika chupa wala kikapu.

"Mzee wa pale kisimani ametutoka," akaniambia. "Tunazika alasiri."

Nikateremsha mizani, nikafunga mlango, nikamfuata. Nilichimba mpaka udongo ukanifika kifuani, na siku ile hapakuwa na mtu aliyechimba haraka kuliko mimi. Aulizwe yeyote aliyekuwepo.