Aliyesimamisha Lori Kona ya Tatu

Kona ya tatu inavuja.

Ni Jumapili, saa tisa alasiri. Mvua imekatika tangu adhuhuri, na njia nzima ya Uwanja wa Harpe Creek, Alabama, kilomita nne na ushee, imekauka. Isipokuwa hapa. Maji yaliyojificha chini ya lami yanachuruzika kutoka kwenye ufa mwembamba na kuteremka kuelekea kwenye majani.

Royce Tidmore, miaka hamsini na minane, anaendesha lori la kukausha njia. Nyuma ya lori imefungwa injini ya ndege kuukuu ya jeshi, mdomo umeelekezwa chini, inapuliza hewa ya moto. Anapita juu ya ufa, anageuza, anarudi. Akipita, lami inakauka. Akirudi, anakuta inalia tena.

Kona yenyewe imelala kama paa la nyumba. Anayetaka kufika kwenye ukuta wa juu hupanda kwa mikono na miguu. Magari ya mbio hupita hapo kwa kasi ya zaidi ya kilomita mia tatu kwa saa, na maji ya kujaza kiganja yanatosha kulirusha moja ukutani.

Uwanja hauna taa. Mbio zisipoanza kabla ya saa kumi na nusu, giza litazikuta katikati. Basi zitasogezwa hadi Jumatatu.

Kwa wengi Jumatatu ni kero tu. Kwa Royce ni zaidi ya hapo. Kaka yake, Hollis, miaka sabini na mmoja, ameketi juu ya paa la basi lake bovu katikati ya uwanja, pale pale familia inapopiga kambi kila masika tangu uwanja ufunguliwe. Hajakosa hata mara moja. Safari hii majirani wamempandisha kama gunia, maana figo zimekufa. Jumatatu lazima awe mjini kwenye mashine ya kusafisha damu, na daktari amemwambia bila kuzunguka kwamba moyo nao unaelekea huko huko.

Royce anapokuja kujaza mafuta, Hollis anampigia kelele kutoka juu.

"Wee Royce! Unakausha njia au unainywesha?"

"Nyamaza, kaka. Tafuna mbavu zako."

"Mbavu nimekatazwa. Chumvi. Napewa barafu, nailamba kama mtoto."

"Basi niambie nani katuletea mkosi kwa kula karanga za maganda karibu na magari. Mvua hii ina mwenyewe."

"Muulize mkeo!"

Watu wa kambi wanacheka. Kisha Hollis anashusha sauti. "Lakini leo zitaanza?"

"Zitaanza," Royce anajibu.

Kazi hii ina sheria moja: injini ikiwaka, lori halisimami. Hewa ile ikitua mahali pamoja, inaipika lami. Royce ameifanya kazi hii miaka kumi na tisa, kwa dola kumi na tisa kwa saa siku hizi, na kila dereva wa lori hapa amefundishwa naye.

Anafika kwenye ufa. Anakanyaga breki.

"Nilijiambia kidogo tu," anasimulia baadaye. "Nikaangalia lile basi, nikaangalia maji. Mguu ukabaki pale."

Lami inavimba, inanyanyuka kama chapati kwenye kikaango, kisha injini inaipeperusha. Kwenye redio, Faye Hathcock, msimamizi wa njia, anapiga ukelele.

"Royce, ondoka hapo! Ondoka!"

Amechelewa. Faye anakuja, anachungulia shimo, anamtazama.

"Nani kakufundisha kusimama?"

"Hakuna."

"Wewe ndiye unayewakataza wenzako!"

"Najua, Faye. Nilisimama. Andika hivyo hivyo."

Kiraka kinahitaji usiku mzima kushika. Tangazo linatolewa kwamba mbio ni Jumatatu, majukwaa yanazomea, makopo ya bia yanarushwa kwenye uzio. Kinachomuuma Royce zaidi alikisikia baadaye: saa kumi kasorobo ule ufa ulikoma kuvuja wenyewe.

Jioni ile alimfuata kaka yake na kumweleza yote. Hollis alimsikiliza mpaka mwisho.

"Miaka yote unakausha njia, leo umeamua kuipika," akamwambia. "Ungenikatia kipande basi. Lami haina chumvi."

Royce hakucheka.

Jumatatu kiraka kilishika. Royce alizitazama mbio akiwa na ufagio mkononi, nyuma ya uzio wa kona ya tatu. Hollis alizisikiliza redioni mjini, sindano za mashine zikiwa zimemchoma mkononi, na muuguzi alimpunguzia sauti mara mbili.

Royce anataka arudishiwe lori kabla ya mbio za Oktoba. Faye hajakubali, hajakataa. Hollis ameshalipia nafasi ya basi. "Nikifa msidai pesa," anasema. "Mpandisheni mbwa wangu pale juu, atazame."

Kuhusu Oktoba hakuna anayejua. Hasara ya masika inajulikana: kipande cha lami cha ukubwa wa sinia. Mifuko sita ya kiraka. Mshahara wa Royce wa wiki mbili, maana kuanzia Jumanne alisimamishwa kazi kwa muda huo. Na mbio moja ya Hollis Tidmore, ya kwanza kuikosa tangu uwanja ufunguliwe.