Maana Kumi na Mbili Chini ya Mgebuka

Mpaka leo nikipita soko la dagaa la Katonga, kando ya ziwa, navuta kofia hadi puani, na mkitaka kucheka chekeni, mimi mwenyewe nimeshacheka nikachoka, lakini siku ile sikucheka, siku ile nilitetemeka mpaka vifungo vya shati vikagongana.

Chanzo ni mdomo wangu. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni (cheti ninacho, nimekitia fremu), akina mama wakausha dagaa wakaniomba niwafundishe Kiingereza kidogo cha kuongea na wateja wa Zambia. Badala ya kuwapa salamu na kwaheri, nikajitapa: "Kuna neno moja tu, 'get'. Mkilishika hilo, Kiingereza mmekimaliza. Lina maana kumi na mbili na zote ninazo kichwani." Kichwani! Nilikuwa nimezikuta kwenye kamusi jana yake, nikakumbuka mbili.

Bi Zuhura, mwenyekiti wao, mama asiyejua kunong'ona, akatangazia soko zima. Na zilikuwa siku za mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, mitumbwi imevutwa juu, wavuvi wamekaa hawana kazi, kwa hiyo walijaa watu elfu mbili (haya, sabini). Hao ningewamudu. Kilichonimaliza ni kwamba alimwalika na Mzee Hamisi wa Ujiji, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, ambaye wiki moja nyuma nilikuwa nimempelekea barua ya posa ya binti yake Mwanahawa, naye hata hakuifungua, akajibu neno moja tu: "Huyo anayejiita msomi, nitamsikia kwanza."

Nikakimbilia kamusi. Nikanakili maana zote kumi na mbili kwenye karatasi ya daftari, herufi kubwa kama za bango, na siku yenyewe nikawahi kwa Mama Neema mchoma samaki, nikaitandaza mezani niipitie mara ya mwisho. Mara nyuma yangu: "Assalaam alaykum." Mzee Hamisi! Nikaruka. "Shikamoo baba... Mzee... mwalimu!" Nikampokea mkoba, nikamsindikiza mpaka kiti cha mbele, niliporudi mezani karatasi hakuna.

"Mama Neema, karatasi yangu iko wapi?"

"Ile yenye makorokoro? Nimemfungia Mzee mgebuka wake. Magazeti yameniishia, mwanangu."

Nikageuka. Bi Zuhura keshampelekea, Mzee keshaifungua mapajani, samaki amelala juu ya maana zangu zote, na mimi tayari naitwa mbele.

Nikawaamkia kwa Kiha, "Mwidiwe!", wakaitika. "Get ni kupata!" Wakarudia wote. "Get ni kufika!" Wakarudia. Halafu kichwa kikawa cheupe kama sahani. Ila Mzee alikuwa karibu, hatua tatu tu, naye akamega mnofu wa mkiani, chini yake ikachomoza namba ya kumi na mbili. "Get, ukiitia 'up', ni kuamka!" Makofi! Nikajua wokovu wangu uko kwenye hamu ya Mzee kula. Lakini anakula kama anasahihisha mitihani, mwiba kwa mwiba, na mimi nimesimama jasho linanitiririka mgongoni namwomba Mungu amwongezee njaa.

"Vipi mwalimu," mvuvi mmoja akapiga kelele, "maana zimenasa wavuni?"

Hofu ikasema kabla yangu: "Get pia ni... ni kugeuza dagaa!"

"Get, kugeuza dagaa!" Bi Zuhura akaongoza, soko zima likaitikia.

Mzee akaacha kutafuna. Akaniangalia, akafuata macho yangu yanakoangalia, akafika mapajani mwake. Akavaa miwani. Nikamwona Mwanahawa anaolewa na mtu mwingine, nikafikiria kukimbia, lakini nyuma yangu kulikuwa na ziwa na mimi sijui kuogelea (mtoto wa Bangwe, ufukweni kabisa, ndiyo, chekeni).

Akasimama, mgebuka mkono mmoja, karatasi mkono wa pili, mafuta yanachuruzika. "Mwandiko huu ni wa nani?"

Ningeweza kukataa. "Wangu, Mzee."

"Na hiyo ya kugeuza dagaa iko namba ngapi?"

"Haipo, Mzee. Nimeitunga. Nimeogopa."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye mchanga. Mzee hakucheka. Akanisogezea karatasi, kidole kwenye doa la mafuta kilipokuwa kichwa cha samaki. "Hii hukuifikia. Soma."

Nikasoma, sauti kama ya mbu: "Namba saba. Get, ukiitia 'married', ni kuoa, kuolewa."

"Ndiyo iliyokuleta kwangu, na huipati kwa kuchungulia. Ijumaa baada ya swala uje nyumbani, mikono mitupu. Siku utakayozijua zote bila karatasi, tutaifungua barua yako."

Tangu hapo sijasema tena "ninazo kichwani", hata nikiulizwa jina langu nafikiri kwanza. Katonga ndiyo imeshaharibika, jua likipanda utamsikia Bi Zuhura: "Get, jamani, get, upande wa pili haujakauka!" na mteja wa Zambia amesimama kaduwaa. Lakini Ijumaa sikosi. Mwanahawa huleta chai, akiniona nimekwama huitua birika taratibu kuliko inavyohitajika, nipate muda wa kukumbuka. Nimebakiza mbili. Namba saba naijua hata usingizini, ila Mzee anasema hiyo ataiuliza mwisho.